Ndoo, Mizani na Kipimajoto: Siku Saba za Nishati Safi Mkoani Tanga

Begi la safari hii lina vitu vitano: mizani ya kuning'iniza ya kilo 50, ndoo ya lita 20, kipimajoto cha maji, mita ya fundi umeme yenye koleo la kubania waya, na daftari. Hakuna paneli wala jiko la maonyesho. Wauza vifaa wamejaa kila mji. Anayepima kabla ya kununua ndiye adimu, na hasara nyingi huanzia hapo.

Siku ya 1. Tanga mjini

Somo la kwanza liko kwenye risiti ya LUKU. Mita ya kundi la T1, ambalo ni la maduka na nyumba nyingi za mjini, hutoa uniti 28 na ushei kwa shilingi 10,000. Bei ya msingi ni shilingi 292 kwa uniti. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA, wakala wa nishati vijijini, asilimia 3, na ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1. Jumla shilingi 356.24. Katika elfu kumi hiyo, kama shilingi 246 huenda kusambaza nishati vijijini. Kwa hiyo mwenye friji ya soda pale Ngamiani ni mfadhili wa nguzo za umeme huko Handeni, ajue asijue. Manunuzi ya kwanza ya mwezi usiyapigie hesabu, kwa sababu kodi ya jengo hukatwa humo humo na uniti zinakuja pungufu.

Kundi la D1 ni la anayetumia si zaidi ya uniti 75 kwa mwezi: shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na kila uniti inayozidi 75 ni shilingi 350. Hapa ndipo sera mbili nzuri zinapogongana. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Presha kuka ya umeme ni njia mojawapo, na ni nzuri kweli: nusu kilo ya maharage hula uniti 0.3 hadi 0.4 tu. Lakini chukua nyumba ya D1 inayotumia uniti 55. Ikianza kupikia umeme kwa uniti moja kwa siku, inafika 85. Mwezi huo bili ya msingi inatoka shilingi 5,500 hadi 11,000. Ikizoea kupita 75 na kuhamishiwa T1, uniti zile zile 85 ni shilingi 24,820. Huenda bado ni nafuu kuliko mkaa wa mwezi mzima, ila hesabu hiyo mwenye nyumba aipige kabla, si siku meseji ya tokeni inapoingia na uniti kiduchu.

Jambo la pili la kupima ni volti, na lipimwe saa 1 jioni, wakati kila nyumba imewasha. Jiko la waya wa moto lililotengenezwa kwa volti 230 likipata 180, nguvu yake hushuka hadi kama asilimia 61. Mpishi atasema jiko ni bovu. Jiko ni zima. Waya wa mtaa ni mrefu na mwembamba, au transfoma imezidiwa. Maharage yapikwe saa 9 alasiri.

Jioni, soko la samaki la Deep Sea. Barafu ndiyo nishati ya mvuvi, na kanuni ya kufunga ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki kwenye joto la pwani. Mashine ya barafu ya mabonge hutumia takriban uniti 60 hadi 80 kwa tani. Anayepanga kuiendesha kwa sola aanze na boksi, siyo paneli: ukuta wa foamu wa sentimita 8 hadi 10, kifuniko chenye mpira usiopitisha hewa, na tundu la kutolea maji chini. Boksi la mbao tupu linayeyusha pesa haraka kuliko betri mbovu.

Siku ya 2. Mabayani na Mto Zigi

Maji ya jiji la Tanga hutoka bwawa la Mabayani, na bwawa hunywa kutoka Mto Zigi unaoshuka Usambara Mashariki. Hapa ndipo chombo cha fedha kilichoupa mkoa huu sifa kinapoonekana kwa macho: hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo inayouzwa kwa umma kwa miradi ya mazingira, ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya hapa. Iliuzwa kuanzia Februari 2024, lengo shilingi bilioni 53.12, muda miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, na ikavuka lengo.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kuliko jina lake. Mnunuzi wa shilingi milioni 10 hupata riba ya 1,350,000 kwa mwaka, na mtaji wake hurudi muda ukiisha. Kwa mamlaka ya maji, riba ya mkopo wote ni kama bilioni 7.17 kwa mwaka, na hakuna dola katikati, kwa hiyo shilingi ikiporomoka deni halivimbi. Fedha hiyo sharti itoke kwenye bili za maji. Ukijani wa hatifungani unatokana na masharti mawili: pesa itumike kwenye miradi iliyotajwa, na matumizi yatolewe taarifa ambayo mtu wa nje anaweza kuikagua.

Wapi inaweza kuvuja? Kwenye bomba, kwa maana halisi. Kuinua mita moja ya ujazo ya maji kwa kimo cha mita 1 kunahitaji watisaa 2.7, kwa pampu na mota zenye ufanisi wa asilimia 60 ni kama 4.5. Kimo cha mita 50 ni uniti 0.23 kwa kila mita ya ujazo. Kila lita inayopotea njiani imeshalipiwa umeme na dawa, na hailipwi na mtu. Mamlaka yoyote ya maji ikitaka kupunguza umeme, fundi wa kwanza kuitwa ni wa kuziba mabomba, wa sola anafuata.

Upande wa juu wa mto kuna hesabu nyingine. Kingo zikilimwa hadi majini, mvua ya masika hushusha tope, dawa ya kutuamisha tope inaongezeka, na bwawa linajaa mchanga. Umoja wa wakulima wa bonde hilo, UWAMAKIZI, unalinda kingo za Zigi na Kihuhwi kwa sababu hiyo. Jaza ndoo, iache usiku kucha, asubuhi pima unene wa tope chini. Rudia kila wiki ya masika. Ni kipimo cha kienyeji, lakini kinaonyesha mwelekeo, na hakihitaji mfadhili.

Ng'ambo ya ghuba kuna Chongoleani, kituo cha mwisho cha bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda. Jiji moja, hatifungani ya kijani upande huu na matangi ya mafuta upande ule. Anayedhani mageuzi ya nishati ni kufunga ukurasa mmoja na kufungua mwingine aje asimame hapa kidogo.

Siku ya 3. Muheza

Leo ni jiko la shule. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024. Agizo ni mstari mmoja. Kulitekeleza ni mabomba, mitungi na sufuria.

Chukua shule ya bweni ambayo vyungu vyake kwa siku, uji, ugali na maharage pamoja, vinafika lita 400. Kupandisha lita 400 kutoka nyuzi 27 hadi 97 ni megajuli 117. Ongeza mvuke unaotoka wakati wa kutokota, kama lita 40, nayo ni megajuli 90. Jumla 207 zinazoingia chunguni. Zilizobaki hutegemea moto:

Mafiga matatu hufikisha chunguni asilimia 15 tu, hivyo zinahitajika kama kilo 86 za kuni kavu. Jiko banifu la taasisi lenye asilimia 30 hutumia kilo 43. Gesi ya mtungi, kwa jiko la asilimia 50, ni kilo 9. Umeme, kwa vyungu vilivyofunikwa vizuri, ni uniti 68, yaani shilingi 24,000 na kitu kwa bei ya T1.

Bei ya gesi ya wiki hiyo izidishwe kwa 9, ndipo bodi ya shule ilinganishe. Lakini umeme huo wa uniti 68 ukitakiwa kwa saa 5 ni kilowati 14 mfululizo. Waya wa fezi moja wa darasani haubebi. Inatakiwa fezi tatu, na maombi yake yafanywe kabla ya kununua vyungu. Kuna shule zina vyungu vya umeme vilivyogeuzwa ghala la mahindi kwa sababu hatua hizo mbili zilibadilishana nafasi.

Kwa gesi kosa ni lingine, na linarudiwa kila mahali. Mtungi wa kilo 38 ukiunganishwa peke yake na majiko makubwa mawili, baada ya saa moja hivi unatoa jasho, kisha unaota barafu, na moto unanywea. Wapishi husema "gesi imekwisha, mwalimu," wakati nusu ya mtungi bado imejaa. Gesi iliyo kimiminika inahitaji joto ili igeuke hewa, na mtungi mmoja hauvuti joto la kutosha kutoka nje. Dawa ni kuunganisha mitungi mitatu au minne kwa bomba moja ili ichangiane mzigo. Kuimwagia maji ya moto ni hatari. Mitungi ikae nje, kwenye kizimba chenye matundu chini, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na hujikusanya sakafuni. Kila kiungo kipakwe povu la sabuni. Povu likivimba, kaza au badilisha. Kiberiti si kifaa cha kupimia.

Na kabla ya yote, maharage yalowekwe kuanzia saa 2 usiku. Kazi hiyo haigharimu senti na inapunguza muda wa moto kwa kila aina ya nishati iliyotajwa hapa.

Alasiri, biogesi ya nyumbani. Tanga ni mkoa wa maziwa, ng'ombe wengi wanafugwa bandani, na samadi ya bandani haihitaji kuokotwa malishoni. Mtambo wa kuba wa mita za ujazo 6 unataka kilo 45 za samadi kila siku, na maji kiasi kile kile. Pima kwa mizani siku saba mfululizo. Usikadirie kwa idadi ya ng'ombe. Kilo 45 hutoa kama mita za ujazo 1.8 za gesi, zinazotosha jiko moja kwa saa 4 hivi. Maji yakikosekana Januari na Februari, mtambo unakufa. Swali la kwanza basi ni kisima kiko wapi. La pili ni mteremko wa bomba: likiwa na bonde katikati, mvuke hutuama hapo kama maji na moto huanza kurukaruka. Weka kitego cha maji sehemu ya chini kabisa, ukifungue kila wiki. La tatu ni plasta ya ndani ya kuba. Ufa mwembamba kama uzi unatosha kumaliza gesi yote usiku, na haonekani wa kulaumiwa.

Siku ya 4. Hale

Mkonge. Katika tani 100 za majani yanayoingia korona, mashine ya kuchambua mkonge, tani 4 hivi hutoka kuwa singa, yaani nyuzi. Zilizobaki ni maji na nyama ya jani, ambazo kwa miaka mingi zilimwagwa bondeni zikioza na kutoa methani bure angani. Hapa Hale, mwishoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya mkonge ya Katani ilijenga mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa umeme, kwa msaada wa UNIDO (shirika la maendeleo ya viwanda la Umoja wa Mataifa), Common Fund for Commodities na Serikali: jenereta 2 za kilowati 150 kila moja. Ulitajwa kuwa wa kwanza wa aina yake duniani.

Kilowati 150 zikizunguka saa 20 ni uniti 3,000. Mita ya ujazo ya biogesi hutoa uniti 1.8 hivi, kwa hiyo jenereta moja inataka karibu mita 1,700 kila siku. Korona ikisimama kwa sababu yoyote, mvua imezuia wakataji au trekta imekufa, baada ya siku chache gesi inapungua. Umeme wa mkonge hutegemea ratiba ya shamba kuliko ujuzi wa fundi umeme.

Matatizo ya kiufundi ya mtambo wowote wa namna hii yanajulikana. Maji ya mkonge ni makali, pH 4 hadi 5, na vijidudu vya methani vinataka karibu 7. Mtambo ukilishwa haraka unachacha kama pombe na kuacha kutoa gesi. Dawa ni kupunguza mlo, kuchanganya samadi, na chokaa kidogo kidogo. Nyuzi fupi hujizungusha kwenye pampu na mapanga ya kukorogea hadi mota inaungua, kwa hiyo kichujio kabla ya tangi ni lazima. Gesi yenyewe hubeba salfa inayonuka kama yai viza, na hiyo inakula injini. Pipa la vumbi la chuma kwenye njia ya gesi huinasa. Vumbi likibadilika rangi, litolewe, lianikwe, lirudishwe au libadilishwe.

Karatasi sasa. Tanzania ina daraja la wazalishaji wadogo wa umeme, kilowati 100 hadi megawati 10, wenye mkataba sanifu wa kuuza kwa TANESCO. Chini ya megawati 1 leseni haihitajiki, usajili EWURA unabaki. Mpangilio unaookoa muda ni huu: haki ya ardhi na malighafi, barua ya TANESCO ya kukubali kuzungumza na kukueleza njia ya umeme iliyo karibu, cheti cha mazingira cha NEMC, baraza la mazingira la taifa, kisha mkataba. Wengi huanza na jenereta. Jenereta haiombi riba, ila benki iliyoinunua inaomba kila mwezi.

Hatua chache kutoka hapo ni kituo cha maji cha Hale, megawati 21, kilichoanza 1964. Chini yake ni Pangani Falls mpya, megawati 68, ya 1995. Maji yale yale yamekwisha kumwagilia mashamba ya Moshi, yakapita bwawa la umeme la Nyumba ya Mungu, yakamwagilia na ya Same, ndipo yafike hapa kuzungusha mashine mara ya pili na ya tatu. Msimamizi wa kugawa ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Kila mfereji wa umwagiliaji unaovuja huko juu unapunguza umeme huku chini. Sera ya kilimo na ya nishati, hapa Hale, ni mto mmoja.

Siku ya 5. Lushoto

Kupanda kutoka Mombo, na ukungu. Mambo mawili tu. Paneli iliyoandikwa wati 100 ya mfumo wa volti 12 ipimwe dukani juani, saa 6 mchana: volti bila mzigo ziwe kama 21 au 22, ampea za kuunganisha waya mbili zikaribie 6. Ikitoa 3, umeuziwa wati 50 zenye karatasi ya 100. Pili, huku Juni hadi Agosti mawingu hukaa, na mfumo uliopigiwa hesabu ya jua la Tanga mjini utazima usiku.

Kijito ndicho betri ya milimani. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 2, ni lita 10 kwa sekunde. Zidisha 9.81 kwa 10 kwa kimo cha mita 30, kata nusu kwa upotevu: wati 1,470, usiku na mchana. Pima mwishoni mwa kiangazi, kabla ya vuli. Aliyepima Mei amepima ndoto. Kibali cha maji ni cha Bodi ile ile ya Bonde.

Siku ya 6. Barabarani

Kurudi kupitia Korogwe na Segera. Anayeendelea kusini kuelekea Mkata huona magunia ya mkaa kando ya lami. Tanuri la udongo hutoa kilo moja ya mkaa kwa kilo 6 hadi 8 za mti, nyingine zote zimeondoka na moshi. Kanuni za biashara ya kaboni za 2022 zinaruhusu kijiji kulipwa kwa msitu kubaki umesimama, na miradi husajiliwa kupitia kituo cha taifa cha kaboni kilichopo SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro. Malipo hayo huja baada ya vipimo na ukaguzi wa miaka. Gunia hulipwa leo jioni. Kijiji kisipopewa cha kushika katikati, gunia linashinda.

Mkaa mbadala wa vifuu vya nazi unafaa zaidi ukanda wa Muheza na Pangani. Choma vifuu kwenye pipa lenye hewa kidogo hadi moshi uwe mwepesi, saga, changanya uji wa muhogo wa unga asilimia 5 hadi 8 ya uzito, kandamiza, kausha siku 3 hadi 5. Wanaotumia udongo badala ya muhogo huuza majivu. Na huu nao hutoa hewa ya sumu isiyonuka: dirisha wazi, kila mara.

Siku ya 7. Pangani

Mto unaishia hapa. Mkonge wa kwanza, miche 62 iliyosalia hai kati ya iliyoagizwa kutoka Florida na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, ilipandwa wilaya hii mwaka 1893, ng'ambo ya mto, huko Kikogwe. Tatizo la sasa ni chumvi. Maji yanayofika yamepungua, na bahari inapanda mtoni mbali kuliko zamani, hadi mashambani.

Wakulima wanataka pampu za sola, na pampu ni hesabu nyepesi. Mita za ujazo 20 kwa siku, kimo mita 12: watisaa 654 za maji. Kwa ufanisi wa asilimia 37 wa pampu na mota ni uniti 1.77, gawanya kwa saa 4.5 za jua kamili, ongeza theluthi kwa vumbi na joto, utapata paneli za wati 500 hivi.

Ila jua linakuja saa 6 mchana kila siku, na maji hayafuati jua. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, pwani hii hujaa saa 10 hivi na kupwa saa 4 hivi asubuhi. Ukipanda mto, kupwa kunachelewa kidogo. Wiki hiyo jua na maji yasiyo na chumvi, ambayo huja wakati wa kupwa, vinakutana. Siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo, ni kinyume: asubuhi kumejaa, kunakupwa alasiri jua likielekea kulala. Kila siku saa husogea kwa dakika 50 hivi. Pampu inayojiwasha yenyewe jua likitoka itamwaga chumvi kwenye bamia kwa siku kadhaa za kila mwezi, na mwenye shamba atalaumu mbegu.

Kwa hiyo swichi iwe ya mkono, na pawe na bwawa dogo lenye nailoni la kuhifadhi maji ya siku 3. Paneli ziongezwe kama saa za kusukuma zitapungua. Kipimo cha chumvi kikivuka milisimensi 3 kwa sentimita, mboga nyingi zinaumia, minazi itavumilia. Ndoo ishushwe mahali bomba litakapokaa, ichote kila saa mbili kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, na daftarini iandikwe saa, kipimo na umri wa mwezi. Baada ya miandamo miwili, saa za kuwasha zitakuwa zimejiandika zenyewe. Hapo ndipo fundi wa pampu aitwe.